Ngeli Ilivyoniponza

Wapenzi wa michezo ya kuigiza ya mezani na wapenzi wa kamba za BDSM, yaani mahaba ya kufungana na kutawalana kwa ridhaa, ni ukoo mmoja: hawaanzi jambo bila kikao. Mezani kwetu tulikuwa watu wazima watano, watatu wakiwa na mguu huku na huku.

Mhusika wangu mchezoni, mwizi, alikuwa ametekwa na joka. Nikajitia kimbelembele: nifungwe kweli, mikono mgongoni. Kikao kikapita. Kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Katikati ya meza ikawekwa karata yenye X aliyoibuni John Stavropoulos: jambo likikukera unaigusa, linaondolewa bila kuulizwa sababu. Ulinzi mara mbili!

Kamba ilikuwa ya juti, unene milimita 6, urefu mita 8. Mfungaji akaikunja katikati, akaizungusha mara mbili, akaacha nafasi ya vidole viwili. Safi. Ila ncha hupitishwa chini ya mizunguko yote ndipo ipigwe fundo; yeye, masikio yote kwa joka, aliipitisha chini ya mmoja tu. Fundo la hivyo ukilivuta linakaza. Nami nilivuta, maana kutupa dadu kwa mikono iliyo mgongoni kuna kazi yake.

Gumba likaanza kuchomachoma kama sindano. Hiyo si damu tu, huenda ni neva imebanwa, na hapo hapangojwi.

"Nyekundu!"

"Jekundu," mwongozaji wa mchezo akanisahihisha. "Joka, li-ya."

"Nyekundu, ndugu yangu!"

"Haya, na magamba yake ni mekundu. Unafanyaje?"

Nikakumbuka karata. Niiguse kwa mkono gani? Nikainama niiguse kwa pua. Jirani yangu akaandika daftarini: *mwizi amsujudia joka.*

Ipo njia ya tatu, ya waliozibwa mdomo: unashika kitu, ukikiachia kila kitu kinasimama. Mimi nilikuwa na dadu ya pande 20. Nikaiachia. Ikabiringika hadi miguuni pa mwongozaji.

"Ishirini!" Meza nzima vigelegele.

"MKASI!"

Hilo halikuwa na ngeli ya kubishania. Mkasi wenyewe, ule wa ncha butu wa wahudumu wa ambulensi, unaopita chini ya kamba bila kuchana ngozi, ulitakiwa uwe pembeni ya mfungaji. Ulikuwa sandukuni chini ya ramani, kwa kuwa asubuhi mtu aliuazima kukatia karatasi. Ulipopatikana, kamba ikakatwa vipande vinne, na mwenye kamba hakunung'unika. Nikaletewa maji na blanketi, nikawa nakunja na kukunjua vidole mpaka sindano zikaisha. Watu wa kamba hatua hiyo hawairuki.

Mwongozaji akaniomba radhi, akakaa, akafungua daftari.

"Wewe umefunguliwa. Mwizi wako bado."

"Na ile ishirini?"

"Uliiangusha. Hukuitupa."