Alama ya Nne

Fundi cherehani akitaka kunishonea suruali hunizungusha futi mwilini mpaka natekenyeka: kiuno, paja, urefu wa mguu. Hata maiti hupimwa kwa kijiti kabla kaburi halijachimbwa. Baiskeli sasa! Baiskeli unauziwa kama gunia la mkaa. Lipa, beba, nenda.

Yangu ni Phoenix ya magurudumu ya inchi 28. Mimi ni futi tano na inchi mbili, tena hizo mbili ni pamoja na kofia. Tanga nzima inaendesha baiskeli, ila nadhani ni mimi tu ninayetafuta jiwe la kukanyagia kila nikitaka kusimama. Nikikosa jiwe, lile bomba la juu hunipokea mahali ambapo mbele za watu hapatajwi.

Basi nikateremsha kiti mpaka mwisho. Miguu ikafika chini, lakini nikipiga pedeli magoti yanapanda kama yanataka kunong'ona na masikio. Wiki mbili, goti likaanza kuuma, hapa mbele. Nikaenda kwa fundi baiskeli. Akaminya tairi.

"Upepo huu, mzee wangu."

Fundi, nasema goti!

"Ah, utaizoea tu."

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kijiweni kwetu Ngamiani. Akaniegemeza ukutani. "Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Sasa kanyaga kwa pale nyuma ya vidole. Goti lipinde kidogo tu. Likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, umepitiliza. Makalio yakicheza kushoto kulia kama uko kwenye ngoma, teremsha." Na kusimama je? "Nani kakwambia usimame huku umekaa? Toka kitini, ilaze upande, shusha mguu mmoja!"

Nikapandisha kiti, nikakaza nati. Jamani! Siku hiyo nilikwenda mpaka Raskazone na kurudi, goti kimya.

Raha yenyewe ikaishia alasiri. Shemeji yangu, futi sita na ushee, akaja: "Shemeji, naiazima, nafika hapo mara moja." Ikarudi baada ya isha, kiti kiko juu kama mnara wa msikiti. Nikakirudisha kwa kukisia. Kesho yake mwanangu akakishusha, kaenda nayo mpirani.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikachora mstari kwenye bomba la kiti: hapa pangu, asiguse mtu. Shemeji alipouona akafurahi kweli. "Wazo zuri!" Akachora wake kwa msumari. Mtoto naye akachora wake kwa kalamu.

Leo alfajiri nimeikuta alama ya nne. Iko chini ya zote, rangi ya kucha, imepakwa vizuri bila kumwagika hata tone. Kwenye keria kuna jani la mchicha.

Nimemuuliza mke wangu. Kaniambia ninywe chai, inapoa.