Wauguzi wawili kuhakiki dawa: panapofaa na pasipofaa

Pendekezo la kwamba kila dawa wodini ihakikiwe na wauguzi wawili lina watetezi wenye hoja nzito. Chukua magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4: mililita 8 za dawa ya asilimia 50, zichanganywe na mililita 12 za maji ya sindano, zisukumwe polepole, si chini ya dakika 5. Lakini ampuli, yaani vichupa vya dawa ya sindano, hazifanani. Ipo ya mililita 2 (gramu 1) na ipo ya mililita 10 (gramu 5), zote asilimia 50. Muuguzi aliyezoea kuvunja nne ndogo, siku zimeletwa kubwa akavunja nne, ana gramu 20 mkononi, na mama anaweza kuacha kupumua. Hapo jicho la pili ni uhai, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, iwe tayari kando ya kitanda.

Wanaopinga nao hawasemi uongo. Zamu ya usiku muuguzi mmoja anaweza kubeba wodi nzima. Akimwita mwenzake kwa kila kidonge cha parasetamoli, antibayotiki za saa sita zitachelewa. Baya zaidi, uhakiki hugeuka saini. “Mililita nane, sawa?” “Sawa.” Huo si uhakiki, maana wa pili ameshapewa jibu. Inatakiwa asome maagizo ya daktari, apige hesabu peke yake, ndipo walinganishe.

Kwa maoni yetu, uhakiki wa watu wawili ubaki kwa dawa chache: insulini, magnesiamu, potasiamu, heparini (ya kuzuia damu kuganda) na sindano za watoto. Insulini iandikwe “yuniti” kwa kirefu, kwani “10U” iliyoandikwa haraka husomeka 100.

Muda utakaookolewa upelekwe siku ya kuruhusiwa, ambako ulinzi ni mdogo kabisa. Mzee wa presha anarudi Machame na amlodipine yenye jina la kiwanda kimoja, wakati kabatini anayo ileile kwa jina jingine. Anameza zote mbili. Miguu inavimba, kizunguzungu kinamwangusha. Wauguzi hata kumi wodini wasingeliona hilo.

Suluhisho ni ndugu kuambiwa mapema walete kila kitu anachotumia, hata mitishamba na vya duka la dawa muhimu. Mfamasia na muuguzi wavipange mezani, waandike kwenye cheti cha kuruhusiwa: endelea, badilisha dozi, acha, na sababu ya kuacha. Muuza duka akikiona cheti hicho hatauza tena kilichosimamishwa. Wafamasia ni wachache, kweli. Basi waanze na wenye dawa tano au zaidi, wazee, na wanaotumia insulini au warfarini, nayo ya kuzuia damu kuganda.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amalizie nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Asiulize “unatumia dawa?”, maana atajibiwa ndiyo. Aombe aletewe maboksi, kisha ayalinganishe na cheti moja baada ya jingine.