Fundi, pima RAM kabla ya kupiga Windows

Mafundi wa kompyuta, hili linakera. Mteja analeta mashine inayojizima katikati ya kazi, skrini inageuka bluu, na kabla hujamuuliza lolote umeshachomeka flashi na kupiga Windows mpya. Analipa, anaondoka, mafaili yake yamefutika, na wiki haiishi skrini ya bluu imerudi. Itaachaje kurudi, na RAM mbovu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ile ile?

Yangu ilipita kwenye mikono ya fundi wa namna hiyo. Ujumbe wa kosa ulikuwa unabadilika kila inapozima: leo inalaumiwa draiva (programu inayoendesha kifaa), kesho inaandika MEMORY_MANAGEMENT. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu aishuku RAM. Na kuipima hakuna gharama! MemTest86, programu ya kupimia RAM, inapatikana bure, inawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows. Iache izunguke usiku kucha. Ikitoa makosa, chomoa vijiti vya RAM, pima kimoja kimoja, halafu vibadilishie nafasi, maana kuna wakati kijiti ni kizima na ubovu uko kwenye tundu la madabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Tena kupiga Windows juu ya RAM mbovu ni hatari, kwa sababu hata mafaili mapya yanaweza kuandikwa yakiwa yameharibika.

RAM ikiwa safi, nenda kwenye joto, diski, pawasaplai. Kufuta diski kuje mwisho kabisa, na mwenyewe awe ameulizwa. Kuna wanafunzi wamepoteza tasnifu nzima hivi hivi.