Friji Lisilogandisha Maji

Mpiga solo akiitwa kazini anakuja na begi mgongoni. Mwimbaji anakuja na leso. Mpiga kinanda anakuja na kinanda kwapani na mtoto wa shangazi yake wa kumshikia stendi. Mimi mpiga gitaa la besi nakuja na kirikuu. Kirikuu chenyewe nakilipia mimi, posho tunagawana sawa.

Na usidhani kuna anayejali. Mkute mtu anatoka harusini, muulize, "Besi ilikuwaje?" Atakwambia pilau lilikuwa zuri. Lakini siku nikiugua ndiyo utasikia: watu wamegoma kucheza, wanaangaliana, wanamlaumu MC.

Ubaya ni kwamba sauti nene ina njaa. Ule uzi wa juu kabisa wa besi, ule mnene, ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Kusukuma upepo pole pole namna hiyo kunataka spika pana, boksi kubwa na umeme wa kueleweka. Mpiga solo akiwa na wati 30 anausumbua ukumbi mzima. Mimi na wati 30 nasikika kama jirani anayehamisha kochi. Tena wati zenyewe hazina shukrani. Ukizifanya mara mbili, sauti inasogea kidogo tu. Masikio ya binadamu yanataka wati mara kumi ndipo yakubali kwamba sasa hivi imeongezeka mara mbili. Mara kumi! Mimi hata mshahara haujawahi kuongezeka mara moja na nusu.

Kwa hiyo mtu kama mimi vifaa vipya anaviangalia kupitia kioo cha duka, akiwa upande wa nje. Tunaoishi Mbagala tunanunua mtumba.

Nilikuwa na laki sita. Hela ile, niseme ukweli, ilikuwa ya friji. Mke wangu alitaka kuuza barafu na juisi ya ukwaju pale barazani, na tumeidunduliza miezi minane, elfu tano tano, nyingine ina harufu ya samaki. Jumamosi akanituma Kariakoo nikaangalie friji la mtumba. Nikaenda. Naapa nilienda kwa nia safi.

Dalali alinikuta nimesimama mbele ya amplifaya. Madalali wa Kariakoo wanasoma macho kuliko daktari.

"Bosi, wewe ni mwanamuziki."

Nani hapendi kuambiwa hivyo? Miaka 19 napiga besi, mama mkwe wangu bado anasema sina kazi.

Akaanza kunionyesha moja nzuri, imetulia, vitufe vyote vipo. "Mzigo wa Japani huu, haujaguswa." Nikaigeuza nyuma, nikaona 100V. Mzigo wa Japani raha yake ni usafi, karaha yake ni hapo: kule umeme wao ni volti 100, sisi 230. Ukichomeka bila kuuliza unapata noti moja tu, nzito, halafu harufu. Dalali akasema ninunue transfoma ya kupunguzia. Nikainyanyua hiyo transfoma, mgongo ukanikumbusha umri. Nikaona hapana, tayari nabeba boksi, sasa nibebe na mtoto wake.

Ndipo akanipeleka uchochoroni. Akafunua turubai.

"Friji hilo, kaka."

Nikashtuka. Nikajua mke wangu ameshampigia simu.

Kumbe alikuwa ananionyesha boksi la spika. Kimo chake kifuani kwangu, limefunikwa zulia jeusi lenye nywele, mbele matundu manane ya spika za inchi 10, nyuma magurudumu mawili. Wapiga besi duniani kote wanaliita friji boksi la namna hii. Kisa chake kilianza 1969, kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa SVT, amplifaya ya valvu za kioo, zile mafundi wanaziita taa, yenye wati 300, na boksi lake la spika nane. Lilikuwa refu, zito, linasukumwa kwa magurudumu, basi jina likajileta lenyewe. Ila hili la kwangu halikuwa Ampeg. Halikuwa chochote. Pale panapokaa bamba la jina palibaki skrubu mbili.

"Ni yale yale," dalali akasema, "ila hili halijabatizwa."

Juu yake ilikaa amplifaya, usoni imeandikwa 1000W kwa rangi ya dhahabu. Bei ya vyote viwili laki tano na nusu.

Nilikuwa nimekwenda bila gitaa, ndiyo. Nilikuwa naenda kununua friji! Dalali akatoa simu mfukoni, akachomeka waya, akaweka bongo fleva. Uchochoro ukatetemeka, mama ntilie akashikilia sufuria. "Sikia hiyo besi!" Nikaisikia. Mtu mzima, miaka 19 kwenye fani, nikasahau kwamba wimbo wa kwenye simu umeshapondwapondwa studio, hauna ile kishindo cha kidole kinapoung'ang'ania uzi. Kujaribu amplifaya ya besi kwa wimbo wa simu ni sawa na kujaribu lori kwa kulipigia honi.

Nikalipa. Elfu 50 iliyobaki ikaliwa na kirikuu na vijana wa kubeba, chenji nikabaki na nauli.

Nyumba tunayopanga ina korido, na korido ina beseni za watu. Boksi likagoma mlangoni kwa sentimita mbili. Tukalilaza, tukalisimamisha, tukaung'oa mlango. Wapangaji wote watano wametoka wamesimama kama wamekuja msibani. Mke wangu alikuwa wa mwisho kutoka, mikono ina unga.

"Ndiyo friji hilo?"

Nikajibu, "Wenyewe wanaliita friji."

Hakusema kitu. Angesema ningepumzika. Alilizunguka, akatafuta mlango wake, akakosa, akarudi kwenye unga wake.

Aliyesema alikuwa baba mwenye chumba cha mbele, yule anayekusanya hela za umeme. Sisi Luku yetu moja, tunachanga, na sheria ya nyumba inajulikana: mwenye friji anaongeza elfu kumi. Nikamwambia hili si friji, ni spika. Akasema, "Lakini umesema mwenyewe, tumesikia wote." Nikamwambia halina hata mota. Akauliza lina wati ngapi. Nami kwa kiburi changu nikamwonyesha maandishi ya dhahabu. Wati 1000! Basi akaongeza elfu 15.

Ile hasira ndiyo iliyonifanya niigeuze amplifaya na kusoma kibandiko cha nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Vimaandishi vya kichwa cha sisimizi: 230V, 50Hz, 180W. Yaani mashine inakula wati 180, halafu inatoa 1000? Nionyeshe ng'ombe anayekula debe moja la pumba akatoa madebe matano ya maziwa. Ile elfu moja ya mbele ni wati za sikukuu, za kufumba na kufumbua. Uongo wa mbele unaandikwa kwa dhahabu, ukweli wa nyuma unaandikwa kwa kijivu. Nikampelekea mzee wa umeme hicho kibandiko. Akasema hajavaa miwani.

Nikapiga besi dakika 20. Vikombe vya jirani vikatembea kabatini. Nikiri, ilikuwa tamu, nilifumba macho. Nilipofumbua amplifaya imekuwa pasi. Ungeweza kunyoosha shati pale juu.

Fundi akaja, akafungua boksi, akaguna mguno ule unaoanzia elfu 30. "Njoo uone." Spika sita zilikuwa ndugu, kila moja om 32; om ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, ikishuka umeme unapita mwingi zaidi. Mbili za chini zilikuwa wageni: om 4, za kwenye mlango wa gari, zimepigiliwa na misumari ya bati na kuzibwa pembeni kwa bazoka. Bazoka ya kutafuna, bado ina alama ya jino. Sasa hesabu yake ni hivi: nane za om 32 zikiungwa sambamba unapata om 4, na amplifaya yangu imeandikwa isishuke chini ya 4. Ukiingiza hao wawili wa mlangoni, boksi zima linaanguka mpaka om moja na nusu hivi. Amplifaya inamwaga umeme kama bomba lililopasuka, ndiyo maana imekuwa pasi. Mita ya fundi ya elfu 25 ingeniambia yote hayo pale uchochoroni kwa sekunde mbili. Sikuwa na mita, nilikuwa na sifa.

Fundi akawatoa wageni, akaziba matundu kwa plaiwudi. Zikabaki spika sita, om tano na kidogo, joto likaisha. Upande wa chini wa friji langu sasa unafanana na kioski kilichofungwa na manispaa.

Harusi ya kwanza, nimekodi kirikuu, nimebeba na vijana wawili, ngazi 14, shati limelowa kabla ya kuvaliwa vizuri. Kijana wa sauti, miaka 22, ana hereni, akaniangalia akanipa kiboksi kidogo kama pakiti ya biskuti. "Mzee, chomeka besi hapa, inakwenda moja kwa moja kwenye muziki wa ukumbi. Hilo kabati lako liweke pembeni, MC ataweka maji."

MC akaweka maji.

Sasa naliuza. Nimeweka picha kwenye status ya WhatsApp: "Friji la besi linauzwa, hali nzuri, bei ya kutupa." Simu zinaita mpaka usiku, na wote wanauliza jambo moja. Jana amepiga mama mmoja wa Tandika, sauti ya upole kabisa.

"Samahani baba, hilo friji linagandisha?"

Mke wangu alikuwa hapo mlangoni, amesimama na beseni la ukwaju, anasubiri kusikia nitakachojibu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Halina tatizo, bosi. Ni kuliwasha tu."