Si kila tofauti ya maneno ya Kiingereza inastahili jasho lako

Kuna orodha zinazozunguka sana kwenye simu za watu: kushoto neno la Kiingereza, kulia pacha wake, chini yake mstari mmoja wa maelezo. "Big" na "large". "Ill" na "sick". "Begin" na "start". Watu wanatumiana, wanazihifadhi, wanazikariri. Mimi naona nyingi zinampotezea mwanafunzi muda, kwa sababu zinamfanya aamini kwamba kila jozi ina siri ya maana, na kwamba siri zote zina uzito sawa.

Anza na hao "big" na "large". Fungua kamusi, utakuta mmoja anaelezwa kwa kumtaja mwenzake. Tofauti yao haiko kwenye ukubwa hata kidogo. Husemwa "a big mistake" na "my big brother", lakini "a large number" na "a large amount". Muulize mwenye lugha yake kwa nini, atakuna kichwa. Ndivyo inavyosemwa, basi. Kwao mvua ni "heavy" na upepo ni "strong". Kwetu mvua ni kubwa na upepo ni mkali, na hatujawahi kukaa kikao kulijadili. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaoandamana nao. Kwa jozi za aina hii hakuna ushauri mwingine ninaouamini: acha kutafuta maana, tazama neno limekaa na nani, kisha chukua kifungu kizima kama kilivyo.

Jozi nyingine zimeletwa na historia. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, huku Kilatini kikiendelea kutawala kanisani na kwa wasomi. Kiingereza kikabaki na maneno ya ghorofa mbili, hata tatu. "Ask" ni la wenyeji, "question" limepitia Kifaransa, "interrogate" limetoka Kilatini. Yote ni kuuliza, lakini polisi wakiku-"ask" unajibu ukiwa mlangoni kwako. Wakiku-"question" umeshaanza kujieleza. Wakiku-"interrogate" umekalishwa chumbani na unabanwa. Mswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili upya. Tuna "kufa", neno la Kibantu lisilo na mapambo, na tuna "kufariki" lenye asili ya Kiarabu. Kuku anakufa. Mzee wa watu amefariki. Anayejua hivyo tayari ana sikio la kumwonyesha kwamba "begin" na "commence" havivaliki mahali pamoja.

Sasa zipo jozi ambazo ukizikosea umesema kitu kingine kabisa, na hizi ndizo orodha hupita juu juu. Fikiria barua ya kumpendekeza mtu kazini. "She made few mistakes" ni sifa: makosa yake yalikuwa machache mno, karibu hakuna. "She made a few mistakes" ni doa: kuna makosa kadhaa, na mwandishi ameona ni vyema uyajue. Herufi moja tu, "a", na mtu anaweza kukosa kazi. Kwetu "machache" hubeba yote mawili, na tunasaidiwa na "tu" au na sauti. Katika maandishi ya Kiingereza sauti haipo.

Au "safety" na "security". Kiswahili kimeziweka zote ndani ya "usalama". Lakini "safety" inakukinga na ajali, yaani moto, mashine, sakafu yenye utelezi, wakati "security" inakukinga na mtu mwenye nia mbaya. Mlango wa dharura unaofunguka kwa kusukumwa tu ni "safety" nzuri, na unaweza kuwa "security" mbovu. Ndiyo maana sipendi kuona "safety officer" akitafsiriwa kuwa "afisa usalama" bila neno la ziada. Msomaji anamwona mtu wa siri aliyevaa miwani myeusi, kumbe ni yule anayekagua vizima moto.

Kwa upande mwingine, kuna tofauti zinazolindwa kwa hasira kuliko kwa sababu. "Less" na "fewer" ndizo namba moja. Kanuni inasema "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ni ya visivyohesabika. Sawa, lakini Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale alitumia "less" kwa vinavyohesabika tangu karne ya 9. Kanuni yenyewe inaanzia kwa Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, mwaka 1770, naye aliitoa kama maoni yake kuhusu lipi linapendeza zaidi. Waliomfuata wakaigeuza sheria.

"Disinterested" na "uninterested" wana kisa kinachochekesha zaidi. Leo tunaambiwa hakimu awe "disinterested", yaani asiwe na maslahi katika kesi, na ole wetu akiwa "uninterested", kwa maana atasinzia. Tofauti hiyo naipenda na ninaitunza. Ila katika karne ya 17 maneno haya yalionekana yakibeba maana ambazo leo tunazipa kinyume: "disinterested" kwa asiyejali, "uninterested" kwa asiye na upande. Kwa hiyo anayedai kwamba lugha inaharibiwa na vijana wa sasa ajue waliotangulia ndio walioanza.

Kwenye mtihani andika "fewer", maana kalamu nyekundu iko kwa msahihishaji. Ukishatoka chumba cha mtihani, irudie ile barua ya mapendekezo uliyoandikiwa na uangalie kama kuna "a" mbele ya "few".