Na Alyona je? Bibi kizee wa Dostoevsky tunamwonea

Watu waliosoma Uhalifu na Adhabu, riwaya ya Mrusi Dostoevsky (1866), wakifika kwenye yale mauaji mawili, pale kijana maskini Raskolnikov anapomuua kwa shoka bibi mkopeshaji Alyona na kisha mdogo wake Lizaveta, wote wanamlilia Lizaveta. Naelewa kwanini. Kaingia kakuta dada yake yuko chini kwenye damu, kifurushi bado mkononi, anarudi nyuma mpaka kwenye kona, mdomo wazi sauti haitoki, na shoka liko juu yake hanyanyui mikono kujikinga, ananyoosha kidogo ule wa kushoto tu kama anamwambia mtu asogee. Kaonewa maisha yake yote mpaka kujitetea hakujui. Halafu mwandishi hatuachi tusahau, siku Raskolnikov anakiri kwa Sonya, msichana anayemwamini, Sonya naye anarudi nyuma na mkono uleule mbele. Hapo sina ubishi kabisa.

Ila Alyona jamani. Tunampita haraka kwasababu ni mla riba, na kweli riba yake ni ya kinyama, kopeki 10 kwa kila rubo (yenye kopeki 100) kwa mwezi na anaikata mapema. Raskolnikov kaweka rehani saa ya baba yake kwa rubo moja na nusu, bibi kakata riba ya saa hiyo na ya deni la nyuma, kijana kaondoka na rubo 1 na kopeki 15. Sawa, alikuwa mbaya. Lakini sasa mwangalie anavyokufa. Mgeni kaja na yeye anashtuka palepale, anamuuliza mbona umepauka, mbona mikono inatetemeka, yaani huyu bibi ndo mtu pekee mle ndani aliyeinusa hatari. Kilichomponza ni kazi yake: kapewa rehani imefungwa kamba kwa makusudi, kageukia dirishani apate mwanga, anahangaika na fundo na kulalamika, ndo anapigwa na kisogo cha shoka. Anatoa sauti ndogo, anaanguka, mikono yote miwili anaipeleka kichwani, na mmoja bado umeng'ang'ania ile rehani.

Watu wanasema ona, tamaa mpaka kifo. Mimi naona mtu aliyejaribu kujikinga, kitu ambacho Lizaveta hakukifanya, na aliyeuawa bila kupewa hata nafasi ya kumtazama muuaji usoni. Tunasema Lizaveta alikikabili kifo kwa upole, haya, huyu mwingine angekikabili vipi wakati kimemjia akiwa anafungua kamba? Tunalinganisha mtu aliyepewa zile sekunde chache na mtu ambaye hakupewa kitu.

Na kinachonikera zaidi, tukimlilia mmoja tu tunakuwa tumekubali ile hesabu ya Raskolnikov kwamba bibi ni chawa tu, kosa ni kwamba mdogo mtu alitokea bahati mbaya. Wakati Raskolnikov mwenyewe kuna mahali anajishangaa mbona Lizaveta karibu hamfikirii, bibi ndo anayemjia ndotoni, anampiga na shoka na bibi anacheka tu.

Mtu atasema Lizaveta angalau aliacha kitu, msalaba wake wa shaba anao Sonya na Injili anayosomewa muuaji aliileta yeye. Kweli. Alyona hakuona wa kumwachia, ndo maana kwenye wosia mdogo wake kamwandikia vyombo vya ndani tu, pesa zote ziende monasteri wamwombee roho yake milele. Ni roho mbaya ndiyo, lakini pia ni mwanamke aliyekaa chini akakifikiria kifo chake muda mrefu kabla ya shoka, akaona hakuna atakayemwombea bure, akalipia.