Posa Iliyocheza Mkononi mwa Mzee

Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu tu mama yake bado ananisalimia vizuri, amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti, eti nilipeleka panya kwenye posa na mzee wa watu akazimia, kwenye kila kundi la WhatsApp la Ngamiani, Tanga, na nimearifiwa kwamba umefika hadi kwa ndugu zetu walioko Muscat. Kwa hiyo naona ni heri nieleze mwenyewe yaliyotokea Jumapili ukweni. Yule hakuwa panya. Mzee naye hakuzimia. Aliegemea mto akafumba macho, jambo ambalo mtu wa umri wake ana haki ya kulifanya wakati wowote. Ama hiyo habari ya kwamba nilisindikizwa kwa visomo hadi barabarani, hapo msimulizi ametia chumvi, kwani visomo vilisomwa ndani na vilikoma kabla sijanyanyuka.

Mnaonifuata siku zote mnafahamu kwamba ninafuga kasuku wadogo wa Australia, na kwamba jike wangu wa kijani aliniangulia makinda sita. Kwa wageni, nawaeleza jambo moja tu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikwenda kuposa akiwa na ndege mfukoni. Jike wa aina hii hatagi mayai yake kwa pamoja. Hutaga moja, akapumzika siku moja, akataga jingine, na huanza kuatamia mapema bila kungoja yatimie. Kila yai huanguliwa baada ya siku 18 hivi, kwa zamu yake. Matokeo ni kwamba ndani ya kisanduku kimoja kifungua mimba amekwisha kufumbua macho na kuchomoza miiba ya manyoya, ilhali kitinda mimba ni kipande cha nyama chenye kichwa, na kaka zake wanapita juu yake kama watu wanaovuka mkeka kwenda kunawa.

Huyo kitinda mimba ndiye mhusika wetu. Ngozi ya makinda hawa ni nyembamba kiasi kwamba gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, huonekana kwa nje, na ukitazama vizuri waweza hata kuona rangi ya chakula alichopewa. Wakubwa walikuwa na magole yaliyovimba. Yeye lake lilikuwa tupu asubuhi, tupu mchana, na mama yake alikuwa akimruka kila alipolisha. Ningekuwa na jike mwingine mwenye makinda wa rika lake ningemhamishia huko, lakini jozi yangu ya pili haijakubaliana hata kukaa kwenye kijiti kimoja. Basi nikamtoa nikawa mama.

Umama huu una masharti. Uji wa unga maalumu wa makinda sharti uwe na joto la nyuzi 40 hivi. Ukizidi unaunguza gole, ukipoa haumeng'enywi, unachacha humo humo na kinda anakufa. Unaudondoshea mdomoni taratibu kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, na kinda wa umri ule hawezi kukaa saa nyingi bila kula. Isitoshe, kwa kuwa hana manyoya, hana namna ya kulinda joto la mwili wake. Mke wangu alipopendekeza, kwa sauti ambayo sasa naikumbuka vizuri, kwamba Jumapili nimwache nyumbani ndani ya kikapu, nilimweleza hayo yote kwa kirefu, naye akanijibu, "Baba watoto, mshenga ni wewe, si mimi."

Naam, mshenga nilikuwa mimi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, amepata binti kwenye nyumba ya watu wenye heshima zao, na wazee wetu waliniteua mimi niongee kwa hoja kwamba mimi ni mwalimu na sauti yangu inatuliza watu. Shangazi aliifunga barua ya posa pamoja na fedha za kishika uchumba ndani ya leso nyeupe iliyotarizwa pembeni. Leso hizo alizinunua dazeni nzima sokoni mwaka jana, akatugawia jamaa wote. Hapo wenye akili miongoni mwenu wamekwisha kujua tunakokwenda. Naomba wawavumilie wenzao.

Barua niliiweka mfuko wa ubavuni wa kanzu, upande wa kulia, na kinda, aliyefungwa kwa ulegevu ndani ya leso ili apate hewa, nikamweka mfuko wa kifuani penye joto. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi: maneno yakifika mahali fulani, mkono wa kulia unashuka ubavuni, unatoa leso, unaikabidhi. Nilifanya hivyo hadi mkono ukawa hauhitaji tena kuamrishwa. Tatizo lilizuka mlangoni. Wajomba wa binti walikuwa wamejipanga kutupokea, na wale ni watu wa kukumbatia kifua kwa kifua, tena kwa nguvu. Nikaona kinda atapondwa. Kwa wepesi ambao niliuonea fahari kubwa wakati ule, nikabadilisha mifuko: barua kifuani, kinda ubavuni. Nikakumbatiwa na kila mjomba, na barua ikasalimika bila hata mkunjo.

Tukaketi. Kahawa ikapita, kashata zikapita, habari za mvua zikazungumzwa na kumalizika. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia pamoja na bibi wa binti, na kutoka huko niliutambua ukohozi wa mke wangu, ule anaoutumia ninapozidisha maneno. Nikaanza. Mnajua tena mambo ya posa, hakuna anayesema moja kwa moja kwamba amefuata mke. Nikasema kwamba tulikuwa wapita njia, tukasikia kwamba katika boma hili kuna ndege mzuri, mwenye sauti na adabu, nasi kwetu tunaye kijana anayejua kutunza ndege, hapigi wala hanyimi chakula. Wazee wakatikisa vichwa. Mjomba mkubwa akajibu kwamba ndege yupo, ila ndege wa boma hili haendi kwa kila aitaye. Nami nikajibu, na hapa sauti yangu ilikuwa imetulia kweli, "Basi tumekuja na ushahidi wa nia yetu." Mkono wa kulia, mtiifu kuliko mwenye mkono, ukashuka ubavuni.

Mjomba aliipokea leso kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Nilimwona akisita. Akaitazama. Akasema taratibu, kwa mtu aliyeketi pembeni yake, "Ina moto." Yule wa pembeni akasema labda ni joto la mwili wa mshenga. Mimi wakati huo nilikuwa ninatabasamu, kwa kuwa habari ilikuwa haijanifikia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umepita kifuani kurekebisha kanzu, na vidole vikawa vinauliza kitu kigumu chenye pembe nne kilichopo pale ni nini. Kati ya vidole kuuliza na kichwa kujibu palipita muda ambao, nawaapia, nimeuishi upya kila usiku tangu Jumapili.

"Mbona inacheza?" akauliza mjomba.

Nilifungua mdomo, nao ukatoa pumzi tu. Mjomba akasema "Bismillahi" akafungua pembe ya kwanza ya leso, kisha ya pili, na ndani yake, badala ya barua, kikainuka kichwa. Naomba mkumbuke kwamba mimi namwona yule kinda mzuri. Lakini kwa asiyemzoea, ni kiumbe cha rangi ya nyama mbichi, uchi kabisa, mwenye kichwa kizito kinachoyumba juu ya shingo iliyo nyembamba kuliko kidole, na macho mawili makubwa meusi yaliyofunikwa na ngozi. Alihisi mwanga, au alihisi kiganja kipya, akadhani ni saa ya kula. Akanyoosha shingo yote, akafungua mdomo kumwelekea mjomba, akalia kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Sebule ilinyamaza. Mzee mmoja wa upande wao, Mungu amjaalie, akapiga makofi kidogo na kusema, "Mafumbo ya Tanga haya!" Alidhani ni sehemu ya maneno. Huenda tungeokoka kwa njia hiyo, kwa kuwa na wengine walikwisha kuanza kutabasamu, kama bibi wa binti asingekuwa amechungulia pembezoni mwa pazia. Bibi alipiga ukelele ambao hata muuza maji wa nje alisimamisha mkokoteni. "Wametuletea mtoto wa jini! Ndani ya leso!" Nyuma ya pazia mtu akaitikia, "Panya!" na huo ndio mwanzo wa panya mnayemsikia, kwani rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, haoni kitu, na amejenga ujumbe wake mzima juu ya neno la mtu ambaye naye hakuona. Vikombe vikapinduka, wanawake wakatokea mlango wa uani, na mtu mmoja akaanza kusoma Ayatul-Kursiy kwa sauti ya juu.

Mjomba peke yake hakusogea. Viganja vyake vilikuwa wazi mbele yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekabidhiwa kitu asichoweza kukishika wala kukitupa. Kinda, aliyepata hatimaye mahali pa joto na pana, akageuka nusu, akainua sehemu ambayo siku moja itakuwa mkia, akajisaidia kiganjani mwa mkwe wetu mtarajiwa.

Nanyi mnaoniuliza kwa nini sikuomba radhi papo hapo: maneno ya kwanza yaliyonitoka yalikuwa, "Mzee, tafadhali usimwangushe, hajala tangu adhuhuri." Hapo ndipo alipoegemea mto na kufumba macho, huku mikono bado ameinyoosha vilevile, na kwa uvumilivu ule nitamheshimu hadi kufa.

Babu wa binti, aliyekuwa kimya tangu tuingie, akauliza kiumbe yule ni nani. Nikamjibu kwamba ni kasuku mdogo wa Australia. Akauliza Australia kumefikaje hapa. Mtu mwenye busara angesema "ni habari ndefu" akanyamaza, lakini mimi ni mwalimu na nilikuwa na hofu, na mwalimu mwenye hofu hufundisha. Nikawaeleza, barua ya posa ikiwa bado kifuani, kwamba huko kwao huruka kwa makundi makubwa wakifuata maji na mbegu za nyasi, kwamba John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na kwamba tangu hapo watu wamekuwa wakiwazalisha majumbani. Mke wangu akakohoa. Babu akauliza ni dume au jike. Nikasema kwamba bado haijulikani, kwani hutazamwa ile ngozi ya juu ya mdomo penye matundu ya pua, ambayo kwa dume mkubwa huwa ya buluu na kwa jike aliye tayari kutaga huwa ya kahawia. Mke wangu akakohoa tena, na safari hii alikuwa amekwisha kuingia sebuleni.

Babu akasema, "Sasa kama ana njaa, mlishe." Ndiyo hivyo. Nikaletewa maji ya moto kwenye kikombe cha kahawa, nikakoroga unga niliokuwa nao kwenye mfuko wa suruali, nikapima joto kwa ndani ya kifundo cha mkono, na mbele ya koo zote mbili nikamlisha kinda akiwa bado kiganjani mwa mjomba, kwa kuwa mjomba alikataa katakata kuhama au kufumbua macho. Watoto wa nyumba ile walitambaa hadi magotini mwangu kulitazama gole likijaa. Bibi alirudi hadi mlangoni. Akasema, bila kumsemesha yeyote, kwamba ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kwamba jini hana vidole vya namna hiyo.

Yaliyofuata hayana maelezo mengi: barua ilitolewa, mjomba aliosha mikono mara nyingi kuliko inavyotakiwa, tukaondoka kabla ya magharibi, na ndani ya gari hakuna aliyenisemesha isipokuwa Shangazi, aliyeniuliza leso yake iko wapi. Kinda anaendelea vizuri. Macho yamefumbuka juzi.

Majibu yamekuja jana jioni. Wamekubali. Wanasema wamefurahishwa na ugeni wetu, wanaomba tupange siku ya kuzungumzia mahari, na wanaomba pia, kwa heshima na taadhima, kwamba siku hiyo mshenga awe mtu mwingine. Wazee wetu wamekaa usiku huohuo na kumteua yule aliyetuma ujumbe wa sauti, kwa hoja kwamba anajua kusimulia. Shangazi amekwisha kwenda sokoni kununua leso nyingine, na safari hii amechukua moja tu, ya buluu.